Kitabu kimoja, nakala mbili: kumiliki cha karatasi na cha faili si ubadhirifu

#1 — Rafu ya Juu

Wakuu, salaam.

Mjadala wa vitabu karibu kila mara huishia kwenye kambi mbili. Wa karatasi wanasema kusoma bila kushika kurasa si kusoma. Wa vitabu pepe wanauliza nani bado anabeba mzigo wakati maktaba nzima inaingia kwenye kifaa kimoja. Leo nataka tuwazungumzie wasiotajwa: sisi ambao kitabu kile kile tunacho rafuni na tunacho kwenye kifaa. Tukijitambulisha tu tunaulizwa, "Yaani maneno yale yale umeyalipia mara mbili?"

Ndiyo, kwa baadhi ya vitabu nimelipa mara mbili na sijutii. Lakini si kwa kila kitabu, na si kwa faili la kila namna. Naomba mnivumilie nieleze.

Nakala hizi mbili hazifanyi kazi moja. Kitabu cha maarifa ninachotaka kikae kichwani nakisoma kwenye karatasi, na hili si suala la mapenzi tu. Mwaka 2018 jarida la Educational Research Review lilitoa uchambuzi uliojumlisha tafiti 54 zilizotoka kati ya 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi kuliko waliosoma kwenye skrini. Tofauti haikuwa kubwa, ila ilikuwepo, na ilizidi pale msomaji alipobanwa na muda. Kwenye hadithi haikuonekana. Mwaka uliofuata, watafiti walioongozwa na Anne Mangen wa Norway waliwapa watu 50 hadithi ndefu, nusu yao wakaisoma kwenye karatasi na nusu kwenye Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu pepe. Kwa mambo mengi walilingana. Walipotakiwa kusema tukio lipi lilitangulia lipi, wa karatasi waliwashinda wenzao.

Hilo halinishangazi, maana kwenye kitabu cha karatasi kila jambo lina mahali pake. Unakumbuka kwamba hoja ile ilikuwa ukurasa wa kushoto, chini, na mkono wa kulia ulikuwa umebakiwa na kurasa chache. Kwenye kifaa kila ukurasa unatokea pale pale ulipotokea uliotangulia.

Lakini subiri miezi ipite, halafu utake kunukuu sentensi unayoikumbuka nusu nusu. Hapo karatasi inakutesa. Faharasa, kama ipo, imeorodhesha majina na mada. Sentensi yako haimo. Kwenye faili unaandika maneno mawili na umefika. Maelezo yote uliyoandika pembeni unayatoa kwa pamoja na kuyapanga upya kwa kazi unayoifanya. Mimi huandika sana kutokana na ninachosoma, na bila faili kazi hiyo ingenimalizia siku. Kwa hiyo kusoma mara ya kwanza ni kwenye karatasi, marejeo ni kwenye faili.

Sasa nije kwenye lile la "si faili la kila namna", ambalo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu.

Julai 2009 Amazon ilifuta, kwa mbali, nakala za vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvilipia. Sababu ni kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa pesa zao. Mwanafunzi mmoja wa sekondari nchini Marekani alikwenda mahakamani, kwa kuwa maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya masomo yalibaki hayana kitabu cha kuyashikia. Jeff Bezos aliomba radhi hadharani. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu pepe. Aprili iliacha kuuza, na kufika Julai vitabu vilivyokwisha kununuliwa vikaacha kufunguka. Huko nako pesa zilirudishwa. Ila mtu hanunui kitabu ili siku moja arudishiwe pesa.

Msimamo wangu ndio huu: kitabu ninachokihitaji maishani nakimiliki kwanza kwa karatasi, kisha natafuta faili lisilo na kufuli, yaani lisilofungwa na kampuni lisifunguke nje ya programu yake, ninaloweza kulihifadhi mwenyewe. Faili lenye kufuli nalihesabu kuwa la kukodi, hata kitufe kiwe kimeandikwa "nunua". Nyinyi wenzangu mnafanyaje?


#2 — Kurasa Mia

Mkuu, nimekusoma vizuri, ila hujanishawishi. Mimi kitabu nikikimaliza nampa mtu mwingine akisome. Naona ndiyo heshima ya kitabu, kizunguke. Kukifungia rafuni, halafu ukakinunua tena kwenye kifaa, ni kupenda kuwa na vitu kuliko kupenda kusoma. Na tuambiane ukweli, ni vitabu vingapi tunavirudia? Vichache mno.


#3 — Mtu wa Vifungu

Kurasa Mia, huko kugawa kwako ndiko kunakotenganisha nakala hizi mbili kisheria, kwa hiyo usikuchukulie kirahisi.

Nchini Marekani jambo hili liliamuliwa mwaka 1908, kesi ya Bobbs-Merrill dhidi ya Straus. Mchapishaji alikuwa amechapa onyo ndani ya kitabu kwamba yeyote atakayekiuza chini ya dola moja atakuwa amevunja hakimiliki. Duka la Macy's, la akina Straus, likakiuza kwa senti 89. Mahakama Kuu ya nchi ikasema haki ya mchapishaji ya kusimamia uuzaji wa nakala ile inakoma pale inapouzwa mara ya kwanza. Baada ya hapo mwenye nakala ataiuza, ataigawa, ataiazima au atairithisha, na hana wa kumwomba ruhusa. Nchi nyingi zina kanuni inayofanana na hiyo.

Kwa faili, mambo ni mengine. Tarehe 19 Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu ya Tom Kabinet, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikiuza vitabu pepe vilivyokwisha kutumika. Mahakama ikasema kumpa mtu kitabu pepe akipakue si kugawa nakala, bali ni kuwasilisha kazi kwa umma, na kwa hilo ruhusa ya mwenye hakimiliki inahitajika. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba faili halichakai, hivyo faili la mtumba linashindana moja kwa moja na jipya.

Jimbo la California, Marekani, limetunga sheria inayotumika tangu Januari 1, 2025. Muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kutumia maneno kama "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Angalia sasa nani amesamehewa: anayempa mteja faili la kupakua na kukaa nalo daima bila kuhitaji mtandao. Yaani watunga sheria wameuchora mstari mahali pale pale alipouchora mwenye uzi.

Kwa hiyo nakala mbili za Rafu ya Juu ni haki mbili tofauti, na mimi sioni kama amelipia kitu kimoja mara mbili.


#4 — Herufi Kubwa

Habari zenu. Mimi ni mwanamke mwenye uoni hafifu, na mazungumzo haya huwa yananipita pembeni, kwa hiyo leo nitayasimamisha kidogo.

Kaka Rafu ya Juu anasema karatasi kwanza, faili baadaye. Kwangu utaratibu huo hauwezekani. Kitabu kilichochapwa kwa herufi za kawaida nakishika, nakifungua, lakini sikisomi. Kwenye kifaa naikuza herufi mpaka mistari mitano inajaza skrini, nabadili rangi ya nyuma, na macho yakichoka nawasha sauti inisomee. Nilipoanza kusoma hivyo ndipo nilipoanza kumaliza vitabu. Tafiti za karatasi na skrini sizipingi, ila zinapima watu wanaoweza kuchagua.

Na bado nina nakala za karatasi za vitabu ninavyovipenda zaidi. Watoto wangu wanavisoma. Mgeni akija anaona mama wa nyumba hii anasoma nini, na mazungumzo yanaanzia hapo. Kifaa changu hakionyeshi chochote kikiwa kimefungwa. Tena kuna hili: mwanangu akisoma cha karatasi nami nikasikiliza kile kile, tunakutana kwenye sura moja jioni na kubishana.

Kufuli zinazosemwa hapa zinatuumiza sisi mara mbili. Kuna faili ambalo kufuli yake inazuia programu ya kusoma kwa sauti, kwa hiyo nimelipa na sijapata kitabu. Ndiyo maana Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kufanya kazi Septemba 30, 2016, una maana kubwa kwangu: unazitaka nchi wanachama ziruhusu nakala zinazofikika kwa wasioona na wenye uoni hafifu zitengenezwe na kuvushwa mipaka bila kumwomba mwenye hakimiliki. Na tangu Juni 28, 2025, Umoja wa Ulaya unataka vitabu pepe vinavyouzwa huko vifikike na watu wenye ulemavu. Mkizungumzia faili zuri, naomba ufikikaji uwemo kwenye sifa zake, uende sambamba na kukosekana kwa kufuli.


#5 — Fundi Faili

Dada Herufi Kubwa amesema jambo zito. Nami niongeze la upande wa ufundi, kwa sababu watu wengi wanamiliki faili bila kujua lina nini ndani.

Faili la EPUB, muundo unaotumika sana kwa vitabu pepe, halina uchawi. Ni kurasa za aina ile ile ya lugha inayojenga tovuti, pamoja na picha, maelekezo ya mwonekano na orodha ya yaliyomo, vyote vimefungwa kwenye faili moja la zip. Kama halina kufuli, badilisha herufi za mwisho za jina lake ziwe zip, lifungue kwenye kompyuta, utayakuta maandishi yote yamekaa. Muundo huu ulitoka mwaka 2007 kuchukua nafasi ya Open eBook wa 1999, na tangu 2017 unasimamiwa na W3C, wale wale wanaosimamia viwango vya wavuti. Kwa sababu maelezo yake yako wazi kwa kila mtu, hata programu zote za leo zikifa, fundi wa kesho anaweza kuandika nyingine ikasoma faili lako. Ndiyo sababu nauamini.

Faili lenye kufuli lina maandishi yale yale, ila yamesimbwa, na ufunguo unashikwa na kampuni. Kampuni ikifunga duka, au akaunti yako ikifungiwa, unabaki na faili zima lisilosomeka. Njia nazo zinazidi kuzibwa: Februari 26, 2025 Amazon iliondoa uwezo wa kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta na kuvihamishia kwenye kifaa kwa waya. Wengi walikuwa wakiutumia kuweka akiba.

Na hata faili lisilo na kufuli linataka kutunzwa. Kitabu cha karatasi ukikisahau rafuni miaka thelathini utakikuta. Faili ukilisahau kwenye diski moja miaka hiyo hiyo, usitegemee. Waingereza walijifunza hili kwa namna inayouma. Domesday ni kitabu cha sensa ya ardhi kilichoandikwa mwaka 1086. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 yake, BBC iliongoza mradi wa kuikusanya picha mpya ya nchi, safari hii kwenye diski za leza. Haikufika hata miaka ishirini, vifaa vya kuzisoma diski hizo vikawa adimu kiasi kwamba wataalamu walilazimika kufanya kazi ya kuokoa yaliyomo. Kile cha 1086 bado kinasomeka.

Utaratibu wangu: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni. Kila nikibadilisha kompyuta navihamisha vyote na kufungua vichache kuhakikisha. Kupanga natumia Calibre, programu ya bure ambayo Kovid Goyal alianza kuitengeneza mwaka 2006.


#6 — Rafu ya Juu

Herufi Kubwa, nimekuelewa, na nabadilisha maneno yangu: kila mtu aanze na nakala anayoweza kuisoma. Lile la kusikiliza sura ile ile anayoisoma mwanao kwenye karatasi ni sababu ya kuwa na nakala mbili ambayo sikuifikiria, na naiona nzuri kuliko zangu.

Kurasa Mia, sina ugomvi na kugawa. Nami nagawa. Nakuomba tu uone kwamba wewe unaweza kugawa kwa sababu unanunua karatasi. Anayesoma kwenye faili lenye kufuli peke yake amefungiwa mlango huo. Hawezi kumpa rafiki, wala hawezi kuwaachia wanawe. Na mwenye nakala mbili anagawa vizuri zaidi, maana anaweza kuitoa ya karatasi leo hii bila kuogopa kwamba kesho atakihitaji kitabu.


#7 — Kurasa Mia

Hapo mwisho umenigusa. Kuna vitabu nimevishikilia miaka kwa hofu hiyo hiyo, ati nitavihitaji.

Basi naomba kuuliza. Kama kitabu cha karatasi ni changu kihalali, nikakipiga picha ukurasa kwa ukurasa nikapata faili, hilo faili ni langu? Halafu nikishagawa kile cha karatasi, je?


#8 — Mtu wa Vifungu

Inategemea nchi, na tofauti ni kubwa. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2001 kuhusu hakimiliki linaziruhusu nchi wanachama kuweka msamaha kwa nakala ya matumizi binafsi, kwa sharti kwamba wenye haki wapate fidia ya haki. Uingereza iliweka msamaha wa namna hiyo Oktoba 2014. Julai 2015 Mahakama Kuu ikaufuta, kwa hiyo haukudumu hata mwaka. Kwa hiyo soma sheria ya unakoishi kabla hujaanza kupiga picha.

Kuhusu kukigawa cha karatasi na kubaki na faili, tegemeo la kisheria linadhoofika sana. Msamaha wa matumizi binafsi, mahali ulipo, umewekwa ili mwenye kitabu akitumie kwa namna nyingine. Haukuwekwa ili kitabu kimoja kiwe viwili mikononi mwa watu wawili. Kimaadili pia nakuona huko ni kumdhulumu mwandishi. Ukikitoa, nunua faili.

Na kuazima faili ulilolitengeneza kutoka kitabu chako nako kumeshapimwa mahakamani. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, walikuwa na vitabu vya karatasi, wakavigeuza mafaili, wakayaazimisha kwa kanuni ya faili moja kwa kila kitabu kimoja walichonacho. Mwaka 2020 walilegeza kanuni hiyo kwa muda, na wachapishaji wanne wakubwa, Hachette akiwemo, wakawashtaki. Septemba 4, 2024 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa utetezi wao, hata kwa ule uazimishaji wa faili moja kwa kila kitabu kimoja. Mimi binafsi uamuzi huo uliniuma. Maktaba iliyonunua kitabu ikakifungia ghalani na kutoa faili badala yake haimpunguzii mchapishaji zaidi ya maktaba inayokiazima kile cha karatasi. Lakini mahakama haikuona hivyo, na ndiyo hali ilivyo huko.


#9 — Mshona Vitabu

Kazi yangu ni kukarabati vitabu, kwa hiyo niseme kwa niaba ya karatasi, pamoja na kasoro zake. Humu naona watu wanaitaja kana kwamba haifi.

Karatasi nyingi za tangu katikati ya karne ya 19 zimetengenezwa kwa massa ya mbao, na kwa miongo mingi zilitiwa utomvu na shabu ili wino usisambae. Mchanganyiko huo unaacha asidi ndani ya karatasi. Asidi inakata nyuzi polepole, ukurasa unageuka njano, kisha kahawia, na mwisho ukiukunja kona inabaki mkononi mwako. Vitabu vya karne ya 16 vilivyotengenezwa kwa karatasi ya matambara huwa napokea vikiwa imara kuliko vilivyochapwa mwaka 1920. Mwaka 1994 kilitoka kiwango cha ISO 9706 cha karatasi ya kudumu. Fungua ukurasa wa hakimiliki uangalie kama wametaja karatasi isiyo na asidi. Wengine huweka alama ya kutokuwa na mwisho (∞) ndani ya duara.

Jambo la pili ni jinsi kurasa zilivyoungwa. Kitabu kilichobandikwa kwa gundi tupu, ukikifungua sana mgongo unapasuka na kurasa zinaanza kutoka moja moja. Kilichokunjwa kwa mafungu na kushonwa kwa uzi kinavumilia kusomwa maisha yote, na kikichakaa nakishona upya. Tazama mgongo kwa juu: ukiona mafungu yaliyokunjwa yamepangana, mara nyingi kimeshonwa, ukiona karatasi zimenyooka zote zimezama kwenye gundi, kimebandikwa tu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye uzi: ukitaka karatasi iwe ndiyo nakala ya maisha, nunua toleo lililoshonwa, kwenye karatasi isiyo na asidi, ulikinge na jua na unyevu. Ukiwa na kile cha gundi, chenye karatasi duni, basi kwa kitabu hicho faili ndilo litakaloishi zaidi, ilimradi utalitunza kama alivyoeleza Fundi Faili. Vitabu vya namna hiyo ninapovipokea, mara nyingi namwambia mteja aniruhusu nikikarabati kiwe cha kutazamwa, na kusoma asomee kwenye kifaa.


#10 — Mhamaji

Mimi nahama sana kikazi. Vitabu vya karatasi ndivyo mzigo wangu mzito kuliko yote, na kila nikihama navipunguza. Wazo la nakala mbili nalipenda. Kinachonikwaza ni kulipa bei kamili mara mbili, na sidhani kama ni ubahili. Nikinunua cha karatasi, kwa nini mchapishaji asinipe faili? Kitabu tayari alikiandaa kwenye kompyuta kabla ya kukipeleka kiwandani.


#11 — Rafu ya Juu

Mhamaji, hilo lilishajaribiwa. Mwaka 2013 Amazon ilianzisha mpango wa MatchBook: ukiwa uliwahi kununua kitabu cha karatasi kwao, ulipata cha Kindle bure au kwa bei ndogo sana. Wachapishaji wengi wakubwa walijiweka mbali, na mwaka 2019 mpango ukafungwa. Kulikuwa pia na programu ya Shelfie, ambayo mwanzoni iliitwa BitLit. Uliandika jina lako kwa mkono kwenye ukurasa wa hakimiliki wa kitabu chako, ukaupiga picha, ukapewa faili bure au kwa punguzo. Nayo ilifungwa mwaka 2017. Sehemu ambako jambo hili lipo na limekaa ni vitabu vya kompyuta: Manning wanampa anayenunua cha karatasi na faili lake bila malipo. Mchapishaji huyo anajua msomaji wake anasoma sura kwenye karatasi halafu ananakili mifano kutoka kwenye faili. Mchapishaji wa historia au wa falsafa ana msomaji mwenye mahitaji yale yale, na ningependa tumwandikie barua tumweleze. Mimi nimeshaanza kuwaandikia.

Wapo pia wanaouza mafaili bila kufuli. Tor, wachapishaji wa hadithi za kubuni za kisayansi, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao vyote mwaka 2012 na bado wanauza hivyo. Na vitabu ambavyo muda wa hakimiliki umekwisha, faili ni bure. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000. Kwa vitabu vikongwe mimi nanunua toleo zuri la karatasi, lililoshonwa kama anavyosema Mshona Vitabu, na faili nalichukua huko. Nakala mbili kwa malipo ya moja.

Kuhusu vipi vinastahili nakala mbili, mimi naangalia kama nitakifanyia kazi. Kamusi, vitabu vya marejeo, historia ninayoinukuu, vitabu vya mashairi ninavyovifundisha: hivyo nakala mbili bila kusita. Ushairi hasa, kwa sababu kwenye kifaa ukikuza herufi mishororo inakatika hovyo na umbo la beti linapotea, lakini kutafuta mshororo mmoja kwenye diwani nene bila faili ni kazi ya mchana mzima. Riwaya ninayoisoma mara moja, faili linatosha, hata la kukodi. Vitabu vya picha, ramani na michoro, karatasi peke yake, isipokuwa una skrini kubwa.

Mhamaji, kwa hali yako ningegeuza utaratibu: faili lisilo na kufuli kwa kila kitabu, halafu sanduku moja la karatasi kwa vile ambavyo ukivikosa ungevinunua upya kesho yake.


#12 — Mhamaji

Sanduku moja, sawa. Nimeanza kuorodhesha. Swali la mwisho kwa Fundi Faili: kabla sijalipa, nitajuaje kama faili lina kufuli?


#13 — Fundi Faili

Soma maelezo ya kitabu dukani, chini kabisa, penye aina ya faili na ukubwa wake. Wanaouza bila kufuli mara nyingi wanalisema hilo, kwa kuwa ni sifa. Ukikuta wanataka usakinishe programu yao ili ufungue, au wametaja idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa, lina kufuli. Kama bado huna hakika, waandikie kabla ya kulipa uulize maswali mawili: naweza kulipakua kwenye kompyuta, na litafunguka kwenye programu yoyote? Jibu lao lihifadhi.

Na ukishapakua, usiliache lilale. Lifungue siku hiyo hiyo ukiwa umezima intaneti, kwenye programu ambayo si ya duka hilo. Likifunguka, nakili kwenye diski ya nje, kisha ndipo uanze kusoma.


#14 — Herufi Kubwa

Na wakati unalijaribu, bonyeza lisomwe kwa sauti, hata kama macho yako ni mazima. Duka likiona wateja wote wanauliza habari ya sauti, si sisi peke yetu, litawaambia wachapishaji.